Gesi ya Jiko la Makaa na Siri ya Giza la Angani

Kila Julai baridi ikibana, hapa Kenya tunasikia habari ile ile. Familia imefunga madirisha, ikalala na jiko la makaa ndani, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Kinachoua pale ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Sasa sikieni hii, watu wangu: gesi hiyo hiyo ndiyo iliyowaonyesha wanasayansi mahali nyota zinapozaliwa. Na mwisho wa hii story unatuhusu sisi moja kwa moja, kwa hivyo msiniache njiani.

Tuanze na giza lenyewe. Usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, utaona ule mkanda mweupe unaokatiza anga, Njia ya Maziwa. Uangalie vizuri. Kati yake kuna mabaka meusi, kama mtu amepaka masizi. William Herschel, bingwa wa darubini kule Uingereza karne ya 18, aliyaona akayachukulia kuwa mashimo, yaani sehemu zisizo na nyota. Hesabu yake ilikuwa rahisi: sioni kitu, basi hakuna kitu.

Miaka zaidi ya mia ikapita. Akaja Edward Emerson Barnard, Mmarekani aliyekulia umaskini Nashville na kuanza kazi kwa mpiga picha akiwa bado mtoto. Ule ujuzi wa picha aliupeleka angani. Mwaka 1919 alichapisha orodha ya mabaka 182, na kadiri alivyozidi kuyapiga picha ndivyo alivyozidi kuamini kwamba mengi si mashimo. Ni mawingu. Kuna kitu pale kinachoziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Leo tunajua ni gesi iliyochanganyika na vumbi jembamba kuliko moshi.

Mwaka 1947 Bart Bok, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, pamoja na Edith Reilly, wakasema jambo zito zaidi: yale mawingu madogo meusi ya duara huenda ndiyo matumbo ya nyota. Gesi inajikusanya, inajibana kwa uzito wake yenyewe, mwisho nyota inazaliwa. Wazo tamu, lakini utalithibitishaje? Vumbi limefunika kila kitu. Ni kama kumtazama mama kabla ya ultrasaundi kugunduliwa: tumbo unaliona, lakini kama ni mimba au ni shibe, huwezi kuapa.

Hapo ndipo redio inaingia, na hakuna aliyeileta kwa ajili ya nyota.

Mapema miaka ya 1930, kampuni ya simu ya Bell kule Marekani ilikuwa na shida ya makelele kwenye simu za redio zinazovuka Bahari ya Atlantiki. Ikampa kazi kijana mmoja, Karl Jansky, atafute chanzo. Akajenga antena kubwa inayozunguka juu ya magurudumu ya gari la Ford. Radi akazitambua. Lakini kukabaki mvumo mmoja hafifu uliorudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Huo si mwendo wa jua, ni mwendo wa nyota. Mwaka 1933 akatangaza kwamba mvumo unatoka upande wa kundinyota la Mshale, katikati ya Njia ya Maziwa. Wanajimu wengi walisoma, wakageuza ukurasa. Aliyemchukulia kwa uzito ni Grote Reber, injinia wa redio ambaye mwaka 1937 alijenga dishi lenye upana wa zaidi ya mita 9 uani kwake Wheaton, Illinois, kwa pesa zake mwenyewe. Kwa miaka kadhaa huyo jamaa karibu alikuwa peke yake duniani katika hii kazi.

Kwa nini redio ni muhimu hivyo? Funga mapazia, zima taa. Barabara huioni, lakini redio yako bado inaimba. Mwanga wa kawaida una mawimbi mafupi sana, vumbi linauzuia. Mawimbi ya redio ni marefu, yanapita kama vumbi halipo.

Lakini kukawa na kizuizi kingine. Mawingu haya karibu yote ni haidrojeni. Haidrojeni ya chembe mojamoja ina sauti yake ya redio, na ilinaswa mwaka 1951 na Harold Ewen na Edward Purcell wa Harvard. Ila ndani ya wingu jeusi, kwenye baridi ya karibu nyuzi 263 chini ya sifuri, chembe hizo zinaungana mbilimbili, na zikishaungana zinakuwa bubu. Yaani palipo na gesi nyingi zaidi ndipo palipo kimya zaidi. Ikabidi kutafuta shahidi mwingine aliye mle ndani.

Mashahidi wakaanza kujitokeza. Mwaka 1968 kikundi cha Charles Townes kule California kikanasa amonia, ile gesi inayochoma pua kwenye banda la kuku. Kisha mwaka 1970 wakaja Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias, tena kutoka maabara za kampuni ile ile ya simu. Wakafunga kipokezi chao kwenye dishi la mita 11 juu ya mlima Kitt Peak, Arizona, wakalielekeza kwenye kundinyota la Jabari. Walitafuta monoksidi ya kaboni kwenye mawimbi ya milimita 2.6. Ishara ikatokea, tena kwa nguvu. Molekuli moja tu ya gesi hii, kati ya takriban elfu kumi za haidrojeni, inagongwa na majirani zake, inazunguka, halafu inatoa sauti. Mmoja anaongea kwa niaba ya bubu elfu kumi.

Na haisemi tu iko wapi. Unajua king'ora cha ambulensi kinavyobadilika ikikukaribia na ikikupita? Mawimbi haya nayo hubadilika hivyo, kwa hivyo unajua gesi inakuja au inaenda, na kwa kasi gani. Mwaka 1980 Ronald Snell, Robert Loren na Richard Plambeck walipima wingu linaloitwa L1551, upande ule ule wa anga kilipo Kilimia. Kama gesi inajikusanya, ungetegemea inaingia ndani. Kumbe walikuta gesi ikirushwa nje kwa pande mbili zinazopingana, na katikati kuna nyota changa iliyofichika. Mtoto anazaliwa huku akipiga mateke.

Bok alifariki mwaka 1983. Mwaka 1990 uchunguzi wa João Lin Yun na Dan Clemens ukaonyesha kwamba ndani ya mawingu yake kweli mna nyota zinazoundwa. Halafu mwaka 2014 madishi ya ALMA, kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, yakatoa picha ya HL Tau, nyota iliyo miaka nuru 450 kutoka hapa. Umri wake hauzidi miaka milioni moja hivi. Ukilinganisha na maisha ya binadamu, huyo ni mtoto wa siku tatu. Amezungukwa na sahani ya vumbi yenye pete na mianya, na wengi wanaisoma mianya hiyo kama njia zinazochongwa na sayari zinazoanza kuumbika.

Sasa turudi nyumbani. Kule Kuntunse, Ghana, kulikuwa na dishi la mita 32 lililojengwa kwa ajili ya simu za setilaiti. Nyaya za chini ya bahari zilipochukua kazi hiyo, likabaki bila maana. Waghana wakashirikiana na Afrika Kusini, wakaligeuza kuwa darubini ya redio, na mwaka 2017 likatangazwa kwamba limenasa methanoli. Ndiyo, ile ile inayopofusha na kuua watu ikiingia kwenye pombe haramu. Aina ya mawimbi ya methanoli waliyonasa hutoka karibu na nyota changa kubwakubwa.

Kenya, kama Ghana, ni mmoja wa washirika wanane wa Afrika Kusini katika mradi wa darubini ya SKA. Na sisi tuna Longonot, kituo cha setilaiti kilichofunguliwa mwaka 1970, mwaka ule ule wa Kitt Peak. Maoni yangu ni haya: madishi ya namna hii si vyuma chakavu. Jansky alikuwa mtu wa simu. Wilson na Penzias pia walitoka kampuni ya simu. Wenzetu wa Ghana walianza na dishi la simu. Mtoto wa Naivasha anayepita hapo akienda shule anastahili kuambiwa kwamba chombo cha aina hiyo kinaweza kusikia nyota ikizaliwa. Akiambiwa ni chuma tu, tumerudia hesabu ya Herschel: sioni kitu, basi hakuna kitu.

Novemba jioni Kilimia kikichomoza mashariki, toka nje uangalie lile giza la jirani yake. Pale kuna watoto wengi. Swali ni kama sisi tutakuwa kati ya wanaowasikiliza, au tutangoja kusimuliwa na wengine.