Ile 2.8.1 haikutoka hewani
Nikiwa Form Two nilikariri tu: sodiamu ni 2.8.1. Sikuwahi kuuliza nani alijua. Kumbe kuna jamaa aliweka jina lake rehani.

Mwaka wa 1911, Mfaransa Georges Urbain alidai amepata elementi namba 72 kwa madini adimu. Niels Bohr wa Denmark akapanga elektroni zake 72, akaona zinazobaki za kushikana na atomu zingine ni 4, kama za zirkoniamu. Sasa mbona tuitafute kwa madini adimu?

Mwaka wa 1922, Coster na Hevesy wakapima mawe ya zirkoniamu pale Copenhagen. Manze, ilikuwa humo! Wakaiita hafniamu, kutoka Hafnia, jina la Kilatini la Copenhagen.

Kwa hivyo ukiambiwa "kariri tu", uliza: huu mpangilio unatabiri nini?