Katama Mkangi: Wale ni Sisi

Uliza vijana wa Kilifi ni nani aliyepigania haki Pwani, na wengi watakutajia Mekatilili wa Menza. Sawa kabisa. Lakini kuna jina jingine ambalo wengi wetu tulikutana nalo kwenye jalada la riwaya tu, bila kujua mwenyewe alipitia nini: Katama Mkangi.

Mkangi, mzaliwa wa Kilifi, alikuwa mwanasosholojia na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kazi ya mwanasosholojia ni kuuliza kwa nini watu fulani wako juu na wengine chini. Kwa mtu wa Pwani, swali hilo huanzia kwenye ardhi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1895 ukanda wa maili 10 wa Pwani uliwekwa chini ya utawala wa Waingereza kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye shamba aende ofisini akadai. Kwa Wamijikenda, ardhi ilikuwa ya ukoo, si ya makaratasi. Wengi hawakupata kitu, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wagiriama walipokataa kodi na kazi ya lazima, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti Agosti 1914, wakatozwa faini ya rupia 100,000, na wale wa ng'ambo ya mto Sabaki wakaamriwa kuhama. Ndiyo maana hadi leo, kuanzia Malindi hadi Kilifi, unaweza kumkuta mzee anayevuna minazi aliyoipanda babu yake na bado anaitwa skwota.

Utafiti wa Mkangi uliotoka kama kitabu mwaka 1983 ulihusu Wataita, majirani zetu wa bara ya Pwani. Aliuliza: mwananchi anagharimika vipi anapoambiwa azae wachache, huku mageuzi ya ardhi yakigeuza shamba la jamii kuwa mali ya mtu mmoja? Yaani, kabla ya kumlaumu maskini kwa idadi ya watoto wake, tazama kwanza nani ameishika ardhi.

Maswali kama hayo hayakuwa mchezo wakati huo. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na wahadhiri kadhaa wakatiwa kizuizini. Mkangi hakunyamaza. Tayari alikuwa ameandika riwaya ya Ukiwa (1975). Mwaka 1984 akatoa Mafuta, riwaya ya mafumbo kuhusu wanaonyonya na wanaonyonywa. Mwaka 1986, serikali ilipokuwa ikiwasaka watu iliowahusisha na Mwakenya, zamu yake ikafika. Alifungiwa bila kesi. Hakuna shtaka, hakuna hakimu. Mtu aliyesomea jinsi dola inavyowatenda wanyonge sasa akawa anaisoma dola hiyo kutoka ndani ya kuta zake.

Alipotoka, hakurudi kimya. Mwaka 1995 ilichapishwa Walenisi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anaingizwa katika chombo kinachotarajiwa kummaliza. Badala yake kinampeleka kwenye sayari ambako watu wanaishi kwa usawa. Tenganisha jina la sayari hiyo utasikia: wale ni sisi. Hapo ndipo sosholojia yake yote ilipo. Skwota, mfungwa, Mgiriama wa 1914: hao si "wale" wa kuhurumiwa kwa mbali.

Mwaka 1997 aligombea urais kwa tiketi ya Kenya National Congress. Kura zake hazikufika hata asilimia moja. Mwaka huohuo, mageuzi ya sheria yalifuta kizuizini bila kesi, silaha ileile iliyotumika dhidi yake. Alishindwa kwenye debe, lakini jambo alilolipigania likapita.

Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani. Tangu hapo tumepata Katiba ya 2010 inayotambua ardhi ya jamii, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano imeandika kuhusu dhuluma za ardhi Pwani. Lakini kutambuliwa kwenye karatasi na kupata shamba ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo ukipewa Walenisi shuleni, usiisome kama hadithi ya sayari ya mbali. Muulize nyanya yako shamba lake lina hati ya nani.