Shampeni ya Bagamoyo, tembo la Kerege

Tarehe 4 Desemba 1889, Henry Morton Stanley aliingia Bagamoyo kutoka bara akiwa na Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria ambaye Stanley alikuwa amemfuata hadi ndani kabisa ya Afrika. Jioni hiyo Wajerumani, chini ya Hermann von Wissmann, waliwaandalia karamu ghorofani. Shampeni ikamiminwa, hotuba zikafuatana. Emin, daktari mzaliwa wa Silesia aliyejipa jina la Kiislamu alipokuwa akiwatumikia Waturuki, alikuwa haoni vizuri. Alitoka mezani, akapita dirishani kwa makosa, akaanguka hadi barabarani na kupasuka fuvu. Alipona, lakini baada ya kulazwa kwa wiki kadhaa.

Mji huo ulikuwa wa Waislamu, na vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vilikuwa havijazimika. Siku 11 baada ya karamu, Abushiri alinyongwa Pangani.

Usiku ule ule wa shampeni, wajumbe wa mataifa makubwa walikuwa Brussels, katika mkutano ulioanza Novemba 1889. Mkataba wao ulitiwa saini tarehe 2 Julai 1890. Ulihusu hasa biashara ya watumwa, lakini ulikuwa na sura nzima juu ya pombe kali. Katika ukanda wa Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, palipokuwa hapajazoeleka pombe kali kwa sababu ya dini au nyingineyo, uingizaji wake ulipigwa marufuku. Halafu ikafuata ruhusa: kiasi maalumu kingeweza kuingizwa kwa ajili ya wakazi wasio wenyeji.

Hapo ndipo pwani hii inapotofautiana na simulizi tulizozoea, za mgeni anayehangaika kutafuta chupa katika nchi isiyotaka pombe. Hapa mgeni hakuhangaika. Dini ya wenyeji ilitajwa kuwa sababu ya kuwazuia wao, huku yeye akifunguliwa mlango kwa maandishi. Waliolindwa hawakuulizwa.

Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walirithi Tanganyika, na hati ya udhamini ya 1922 iliwataka wadhibiti vikali uuzaji wa pombe kali. Kwa Mwafrika maana yake ilikuwa wazi: wiski na brandi zilikuwa za wengine, na kumuuzia lilikuwa kosa. Karibu na Uhuru ndipo ubaguzi huo ulipolegezwa.

Kiu ya wenyeji, kwa wale waliokunywa, haikungoja meli. Katika mashamba ya minazi kama ya Kerege, wilayani Bagamoyo, mgema alijua kazi yake. Hupanda asubuhi na jioni kwa vidato vilivyochongwa shinani, kotama kiunoni. Kileleni hulifunga karara lisipasuke, hukata ncha yake na kulitegea kibuyu, kisha kila apandapo huchonga ubapa mwembamba ili utomvu uendelee kudondoka. Tembo la asubuhi ni tamu, hata mtoto angelionja. Likishinda juani linachacha, na jioni linamwangusha mtu mzima. Kwa hiyo soko lake ni la karibu, miguuni mwa minazi yenyewe, na waumini wengi wa Bagamoyo hupita mbali nalo.

Tembo likitokoswa na mvuke wake ukapozwa katika mrija, hupatikana gongo, ambayo wengine huiita moshi. Tanganyika ya kikoloni iliipiga vita. Serikali huru nayo haikuiachia: sheria ya 1966 iliuweka utengenezaji wa moshi chini ya udhibiti. Baadaye kiwanda cha Dar es Salaam kikaja kutoa Konyagi, pombe kali iliyolipiwa kodi, ikauzwa dukani kwa mwenyeji na mgeni kwa chupa ile ile. Mtokosaji wa gongo amebaki vichakani, na mtambo wake wa pipa na mrija bado ni kidhibiti cha kufikishwa mahakamani.