Baridi ya Ufipa na tunda la Kanada

Leo twende Sumbawanga.

Kuna rafiki yangu anaishi Kanada. Aliwahi kuniletea mbegu za saskatoon, tunda dogo la zambarau ambalo mti wake unavumilia hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Nikajisemea, kama ni baridi, si ndiyo Ufipa hiyo! Mji uko kama mita 1,800 juu ya bahari, na Juni bila sweta hutoki. Nikampelekea bibi azipande.

Hazikuota. Baadaye nikasoma kwamba mbegu zile zinataka miezi ya baridi mfululizo ndipo ziamke. Baridi yetu ni ya usiku, kukikucha jua linaifuta.

Bibi hakusikitika. Aliniuliza tu: "Mjukuu wangu, mkusu umewahi kuupanda?"

Swali hilo liliniuma. Kanada kuna mji mzima unaitwa Saskatoon, na jina hilo limetokana na tunda hilohilo katika lugha ya Wakrii, wenyeji wa huko. Walilikausha wakalichanganya na nyama na mafuta, likawavusha kipindi cha theluji. Wafanyabiashara wa ngozi nao wakawa wananunua chakula hicho kwao.

Sisi je? Historia ya Ufipa niliyosoma ilikuwa ya wafua chuma na tanuru zao ndefu zilizokula mkaa, na ya wakulima wa intumba, matuta wanayofukia majani yaoze yawe mbolea. Habari za makusu na mbula nilizipata kwa bibi, si darasani.

Na bibi anajua mengi. Mikusu ina dume na jike, na dume halizai. Mtu akisafisha shamba anafyeka "isiyozaa", kisha anashangaa majike nayo yamegoma. Mbegu ukiziweka muda mrefu zinakufa, na mche unataka udongo wa chini ya mti mama, wenye kuvu wanaoulisha. Wenzetu Malawi wanatengeneza hadi mvinyo wa tunda hili.

Sisi tunaligeuza mkaa, halafu tunanunua matofaa ya Afrika Kusini.

Wazee wakiondoka, nani atatuambia dume ni lipi? Mimi msimu huu naomba mbegu kwa bibi. Wewe kwenu mna tunda gani ambalo halijaandikwa?