Mwezi Mbele ya Kamera ya Kawaida: Historia Fupi ya Ushahidi wa Picha

Mwaka 1969 mambo mawili yasiyohusiana yaliuweka mwezi mbele ya wasomaji. Mwezi wa Julai, wanaanga wa Apollo 11 walitua mwezini wakiwa na kamera, na picha zao zikaenea duniani kote. Mwaka huohuo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walichapisha utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke na kurekodiwa mwaka 1956 miongoni mwa Wanyanga wa Walikale, katika pande zilezile za Kivu ya Kaskazini ilipo Hombo. Katika utendi huo Mwindo anachukuliwa na Nkuba, bwana wa radi, hadi mbinguni. Anakaa huko mwaka mzima, naye Mwezi ni miongoni mwa wanaomwonya. Kwa wanaanga, mwezi ni jiwe. Kwa msimuliaji, ni mtu mwenye kauli. Makala haya yanamfuata mtu wa tatu, yaani yule anayeuelekezea mwezi kamera ya bei nafuu, na yanadai kwamba jambo hilo dogo limebeba swali kubwa: picha ni ushahidi wa nini?

Mwanzoni jambo lenyewe halikuwa la watu wa kawaida. Jaribio la kwanza lililofaulu aghalabu huhesabiwa kuwa la John William Draper, mjini New York, mwaka 1840. Bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji takriban dakika 20 mbele ya mwanga wa mwezi. Mwaka 1851 picha iliyopigwa na John Whipple na William Bond kwa darubini kubwa ya Harvard ilionyeshwa London na kusifiwa. Kamera ilianza kufika mikononi mwa umma baada ya George Eastman kuuza Kodak ya kwanza mwaka 1888, na hasa Brownie ya mwaka 1900, iliyouzwa kwa dola moja. Hata hivyo, kamera hizo zilikusudiwa watu na mandhari chini ya jua. Aliyezielekeza mwezini alipata doa jeupe, akadhani kosa ni la kamera.

Sababu ya doa hilo ni mbili. Ya kwanza ni ukubwa. Mwezi, ingawa huonekana mkubwa unapochomoza nyuma ya milima, huchukua nusu digrii tu ya anga. Kwa lenzi ya milimita 50 sura yake juu ya filamu haifiki hata nusu milimita, na katika picha iliyosafishwa kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 huwa kama punje ya ulezi. Jicho hukuza kile kinachoupendeza moyo. Lenzi hupima tu.

Sababu ya pili ni nuru, na hapa ndipo wengi hupotoka. Mpigapicha huuona mwezi usiku, akauhesabu kuwa taa ya usiku, akaacha kamera ipokee mwanga kwa muda mrefu. Kamera yenye kujirekebisha nayo hupima weusi wa anga yote na kukosea vivyo hivyo. Kwa hakika mwezi ni jiwe lililo juani. Tena si jiwe jeupe: hurudisha takriban asilimia 12 tu ya nuru inayoupiga, na madoa yake meusi ni lava iliyoganda zamani sana. Mtu wa Kivu hahitaji kusafiri mbali ili alielewe hilo. Lava ya Nyiragongo iliyoingia Goma mwaka 2002 iliacha mawe meusi ambayo, jua la mchana likiyapiga, hung'aa vya kutosha kupigwa picha kwa kufumba na kufumbua. Kwa kanuni hiyohiyo, mwezi mpevu hupatikana vizuri kwa tundu la f/11, filamu ya ISO 100, na takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Wanaanga wa Apollo walitumia vipimo vya mchana, na ndiyo maana nyota hazionekani katika picha zao.

Kutoka pande za Hombo, chini ya digrii 2 kusini mwa Ikweta, mwezi hupita juu sana angani, na mwezi mchanga hulala kama mtumbwi. Taabu kubwa ni mawingu na mvuke wa msitu. Anayetumia kamera ndogo iliyotulizwa imara atapata sura ndogo; lakini sura hiyo ndogo ni ya kweli.

Ukweli huo umeanza kutiliwa shaka. Mwezi Machi 2023 mtumiaji mmoja wa simu ya Samsung aliipiga picha sura ya mwezi aliyoitia ukungu makusudi kwenye skrini, na simu ikatoa mwezi wenye mabonde na madoa yasiyokuwamo katika ile sura. Kampuni ilieleza kwamba programu huutambua mwezi na kuongeza undani kwa kutumia mafunzo iliyoyapata katika picha nyingi. Simu hapo haitoi ushahidi wa ilichokiona, inasimulia inachokikumbuka.

Kwa jamii za Waswahili suala hili si la kitoto. Kuandama kwa mwezi wa Ramadhani na wa Idi kumetegemea, kwa karne nyingi, neno la shahidi mwadilifu aliyeiona hilali kwa macho yake. Kamera ilikwisha kulitatiza neno hilo kwa upande wa pili: tarehe 8 Julai 2013 Thierry Legault, huko Ufaransa, alipiga picha ya mwezi katika saa yenyewe ya kukutana kwake na jua, ambapo hakuna jicho linaloweza kuuona. Basi chombo kimoja huona kuliko jicho, na kingine husema kisichokiona. Katika hali zote mbili, anayeletewa picha hana budi kuuliza ilivyopatikana, kama kadhi amwulizavyo shahidi aliposimama.

Wenyeji wa Masisi na Walikale wana haki ya pekee ya kuuliza hivyo. Koltani ya Rubaya hutoa tantali ya kapasita zinazotuliza umeme ndani ya simu, na kasiteriti ya Bisie hutoa bati la kulehemu. Madini hayo yamechimbwa katikati ya vita na vifo vingi. Ardhi yao imo ndani ya macho ambayo dunia inautazamia mwezi. Yafaa basi nao wajue macho hayo yanaposema kweli, na wasiione haya punje ya ulezi itokayo katika kamera yao wenyewe.