Ndege Aliyekuja na Meli

Jahazi likishatia nanga na mabaharia wakashuka pwani, kunguru hawakawii. Mmoja hutua kwenye foromali, wawili kileleni mwa mlingoti, na baada ya saa chache sitaha imepakwa kinyesi kuanzia tezi hadi omo. Kuosha ni kazi, kwa sababu kinyesi cha ndege kina tindikali inayokula rangi na vanishi, na kikikaushwa na jua hung'ang'ania mbao.

Wenye vyombo hawakosi mbinu. Kuna wanaotandaza nyavu, wanaofunga kamba nyembamba juu ya sitaha ili ndege akose pa kutua, na wanaotundika vitambaa au kanda zinazometameta kwenye upepo. Wengine husimamisha sanamu ya bundi. Sanamu hiyo hutisha siku za mwanzo tu. Isipohamishwa, kunguru huizoea na kutua ubavuni mwake. Ndege huyu ana akili, hukumbuka, na ameishi na watu wa mwambao kwa zaidi ya miaka 130.

Si mwenyeji, hata hivyo. Kunguru wa asili wa mwambao wa Afrika Mashariki ni yule mwenye weupe shingoni na kifuani. Huyu mwembamba, mweusi mwenye shingo ya kijivu, kwao ni Bara Hindi na nchi jirani. Aliletwa Unguja karibu mwaka 1891, enzi za Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza visiwani, ili ale takataka za mji. Wakati huo watawala wa kikoloni waliona jambo hilo kuwa la busara. Huko Klang, Malaya, kunguru wa aina hiyohiyo alipelekwa kutoka Ceylon miaka ya 1890 ili ale viwavi waliokuwa wakishambulia mibuni.

Takataka alizila kweli, lakini hakuishia hapo. Alivamia viota vya ndege wengine na kula mayai na makinda, akanyakua vifaranga vya kuku uani, akadokoa samaki walioanikwa. Haikupita miaka 30 kabla ya watu wa Unguja kumhesabu kuwa msumbufu. Mji uliomkaribisha kama mfagizi ukaanza kutafuta namna ya kumwondoa.

Bahari haikumzuia. Kunguru huyu hana desturi ya kuhama masafa marefu, lakini hupanda meli iliyo bandarini, na ikiondoka huondoka nayo, akiishi kwa makombo ya jikoni na huruma ya mabaharia. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Mwaka 1972 akaonekana Durban, Afrika Kusini. Mwaka 1994 wawili walionekana Hoek van Holland, kwenye mlango wa bandari ya Rotterdam, wakazaana katika baridi ambayo wengi wangedhani itawamaliza. Mlingoti anaouchafua leo ndio uliomfikisha alipo.

Kumpunguza kumejaribiwa mara nyingi. Njia mojawapo ni kizimba kikubwa cha waya chenye uwazi juu uliotengenezwa mithili ya ngazi. Ndani huwekwa chakula, maji na kunguru wachache wa kuwavutia wenzao. Anayeingia hukunja mabawa na kushuka katikati ya vipago. Akitaka kutoka inambidi ayakunjue, na hapo nafasi haimtoshi. Njia nyingine ni sumu iitwayo Starlicide, iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya ndege waharibifu. Huua polepole, kwa saa nyingi au siku, na kwa sehemu kubwa huvunjwavunjwa mwilini mwa ndege, hivyo mnyama anayekula mzoga hakabiliwi na hatari kubwa.

Unguja ilitumia mitego na sumu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kunguru wakapungua mno mjini. Kampeni iliposimama, waliobaki wakazaana upya, kwa kuwa majalala, masoko ya samaki na machinjio yaliendelea kuwalisha kama zamani. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Ndege aliyeletwa kwa sababu ya taka hawezi kumalizwa huku taka zikiwa bado mezani pake.

Kenya nayo ilirudi vitani. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja katika miji ya pwani kufikia mwisho wa mwaka huo, na sumu ikaruhusiwa tena kuingizwa nchini baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi. Wenye hoteli, wafugaji wa kuku na watunza ndege wa porini, ambao ni nadra kuwa upande mmoja, walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu.

Shelisheli imefanikiwa zaidi. Kunguru walifika kisiwani Mahé kwa meli mwaka 1977. Walisakwa wangali wachache, na kufikia 1994 kundi lililokuwa limeota mizizi lilikuwa limekwisha. Tangu hapo wageni wapya wamekuwa wakitokea mara kwa mara pamoja na vyombo vya kigeni, nao hutafutwa mara tu wanapoonekana, kabla hawajapata nafasi ya kujenga kiota.