Mkimbiaji wa Trans-Nzoia na Dhahabu ya Guangzhou



Katika mkutano wetu uliopita lilizuka swali ambalo halikupata jibu: je, jamaa aliyechukua uraia wa nchi nyingine, na pengine jina jingine, astahili kubaki katika daftari la ukoo? Mimi, niliyeitumikia serikali miaka mingi kabla ya kuhamia ugenini nikiwa mtu mzima, nimeona vema kulijibu kwa njia ya historia. Na kwa kuwa wamo vijana wetu wanaofanya biashara Guangzhou, nimeichagua historia iliyopita katika mji huo.

Tarehe 12 Novemba 2010 ilifunguliwa Guangzhou Michezo ya Asia ya 16, iliyokusanya nchi na maeneo 45. Katika mbio za mita 5,000 za wanaume, ambazo ni mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja, medali ya dhahabu ilitwaliwa na James Kwalia wa Qatar. Msomaji wa Kiafrika alitambua mara moja kwamba jina hilo halikutoka Ghuba. Kwalia alizaliwa Trans-Nzoia, Kenya, mwaka 1984.

Alifikaje huko? Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 19, alikwisha kukimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 54.58. Mwaka uliofuata alikimbia mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 28.28. Nchi nyingi hazijapata kumzaa mtu wa kasi hiyo. Kenya ilikuwa nao wengi, na katika Olimpiki kila nchi hupewa nafasi tatu tu kwa mbio moja. Mkimbiaji wa kulipwa huishi kwa miguu yake, na miguu haingoji zamu. Mwaka huo wa 2004 Kwalia akahamia Qatar.

Matunda yalionekana Berlin mwaka 2009, katika Mashindano ya Dunia. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa wa kwanza, Bernard Lagat wa Marekani wa pili, na Kwalia wa tatu. Lagat naye ni mzaliwa wa Kenya. Eliud Kipchoge, aliyevaa jezi ya Kenya, alimaliza wa tano. Kwa hiyo medali mbili kati ya tatu zilivaliwa na wana wa Bonde la Ufa, na kwa hesabu ya bendera Kenya haikupata hata moja.

Kwalia alihama na jina lake. Wengine waliliacha. Stephen Cherono, bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 2002 katika mbio za kuruka viunzi na maji, alijiunga na Qatar mwaka 2003 akaitwa Saif Saaeed Shaheen. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba aliahidiwa dola 1,000 kila mwezi maisha yake yote, na sisi wastaafu twaijua thamani ya ahadi kama hiyo. Mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia mjini Paris, huku nduguye Abraham akikimbia fainali ile ile kwa jezi ya Kenya. Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004 ilimpita, kwa kuwa Kenya haikukubali kumwondolea kipindi cha kungoja. Siku chache baadaye, mjini Brussels, aliweka rekodi ya dunia ya dakika 7 na sekunde 53.63, iliyodumu hadi mwaka 2023.

Wako waliowaita watu hawa wasaliti. Sikubaliani nao, ila siwezi kusema kwamba hakuna kilichopotea. Katiba ya zamani ya Kenya haikumruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aliyeapa kwingine alikatwa katika hesabu ya taifa. Tarehe 27 Agosti 2010, miezi mitatu tu kabla ya mbio za Guangzhou, ilitangazwa Katiba mpya. Ibara yake ya 16 yasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na ibara ya 14 yampa aliyeupoteza haki ya kuomba arudishiwe. Bila shaka nchi iliyompokea yaweza kuwa na masharti yake, lakini mlango wa nyumbani haukufungwa tena.

Basi, ndugu zangu, ikiwa taifa zima, lenye sheria na mipaka, liliona busara kuwapokea wanawe, sisi ukoo, tusio na bendera wala forodha, tutakuwa wakali kuliko taifa? Damu nzito kuliko maji. Napendekeza daftari letu liwe na safu mbili: jina alilopewa mtu alipozaliwa, na jina lililo katika pasipoti yake leo. Asifutwe mtu. Mjukuu atakayelifungua miaka hamsini ijayo, awe Mombasa, Muscat au Guangzhou, aweze kumtambua babu yake kwa majina yote mawili. Hoja hii naiweka mbele ya mkutano, ili ipigiwe kura.